Vichwa vya Samaki na Masikio ya Baba

Yaya Godelive, dada yangu mkubwa,

U mzima? Na watoto, na Baba? Mimi mwili uko salama huku Ulaya, ila moyo hautulii tangu uliponipigia simu Jumapili.

Kazini kwangu kutotulia ni kosa. Tunamlaza samaki, mdogo kuliko punje ya mchele, juu ya meza isiyotakiwa kutikisika. Ubavuni ana chembe zenye vinyweleo. Ndizo zinazomjulisha maji yakitikisika, kama wajomba wa Kinkondja wanapoyapiga kwa kasia ili samaki wakimbilie wavuni. Chembe ikiguswa, umeme kidogo sana hupita ndani yake, nasi tunaupima kwa sindano ya kioo. Jana nilichezesha mguu bila kujua. Sindano ikachomoka, kazi ya asubuhi nzima ikaenda na maji. Profesa aliuangalia mguu wangu tu. Niliona haya.

Unadhani nawaza nini? Ni maneno ya Baba uliyonisimulia: "Mutoto yangu iko anatengeneza dawa ya masikio. Minyi niko nangoya." Na huku akingoja, anakula vichwa vya samaki asubuhi na jioni, eti kwa sababu nilisema chembe za samaki zikifa huota tena! Yaya, nilicheka, kisha nikalia. Nasi tunazo chembe za namna hiyo ndani ya masikio, lakini zetu zikifa hazioti. Za Baba zilimalizwa na injini za ndege alizotengeneza pale Base, kambi ya ndege za jeshi, miaka yote ile. Kichwa cha samaki ni kitoweo, basi.

Na kile kifaa cha kusikilizia alicholetewa kutoka Lubumbashi kimelala sandukuni, naye anaendesha baiskeli barabarani, malori nyuma yake! Kwa simu simuwezi, kila nikisemacho ananijibu "ndiyo". Ndiyo maana nimeandika. Mpe karatasi hii asome mwenyewe.

Nisalimie shemeji, mume wako, na mama mdogo Serafina, mkaushaji wetu wa samaki. Asinikasirikie nikimwomba aache kumtumia Baba vichwa vitupu, atume samaki wazima, watoto nao wale.

Baba, dawa sijaipata, na huenda nami nikazeeka sijaipata. Nakuomba, vaa kile kifaa. Nataka siku nikirudi, nikibisha hodi, uitikie.

Binti yako,
Ngoie