Kwa Mama, Kuhusu Landrova ya Rajabu

Kahama

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa uani kwa mama Mwanaidi, nimekalia tairi kuukuu na kipande cha ubao magotini. Mikono nimeisugua kwa majivu lakini girisi haitoki yote, kwa hiyo mkiona alama za vidole vyeusi kwenye karatasi msiwalaumu watu wa posta. Miguu yako inaendeleaje? Zaina aliniandikia kuwa tangu mvua zianze huinuki mkekani mpaka ushikwe mkono. Hilo limenikaa moyoni. Na paa la jiko, walikuja kuliezeka au bado linavuja?

Zaina, mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma. Soma polepole, na ukifika mahali pa mto usiruke neno kwa kumwonea Mama huruma.

Mama, uliniletea neno kwamba arobaini ya mdogo wangu Rajabu imepita zamani, mavuno yamepita, na mimi bado niko huku. Ukasema nimlete mtoto wake, Mwanaidi, na mama yake akipenda afuate. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo, lakini siwezi kulitoa bila kuanza na lile gari.

Unakumbuka nilivyoondoka Korogwe na simu ya msiba mfukoni. Treni ilinishusha Isaka, nikapanda lori la mpunga mpaka hapa, na nilipofika udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Walinipeleka nikamwombea dua. Tuliporudi nyumbani ndipo nikaliona gari lenyewe nyuma ya nyumba. Ng'ombe walikuwa wamelikokota kutoka mtoni. Paa limebonyea mpaka kwenye viti, kioo cha mbele hakuna, mlango wa dereva umekunjika. Tope lilikuwa limekaukia ndani ya mashine, na kuku walishaanza kutagia nyuma ya kiti alichokuwa akikalia mdogo wangu.

Tajiri wake Rajabu, mfanyabiashara wa mpunga, alikuja akalia kweli, sikuona unafiki. Alisema lile gari hataki tena kuliona kwake, liwe la mjane na mtoto. Watu wakanong'ona kuwa amewapa chuma chakavu. Mimi pia niliona hivyo, na kesho yake nikamwambia mama Mwanaidi tuliuze vipande vipande.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Shemeji, wewe ni fundi. Linatengenezeka au halitengenezeki?"

"Kutengenezeka linatengenezeka, lakini..."

"Basi hiyo lakini iache. Tukiliuza tutakula, fedha zitakwisha, halafu utatuchukua mimi na mtoto ukatutue kwa mama mkwe kama mizigo. Mama mkwe simkatai. Ila nikienda kwake nataka niende kumsalimu, nisiende kuhifadhiwa."

Maneno yale yaliniudhi, Mama, sikufichi. Niliona kama amekutukana wewe. Nikakaa siku kadhaa nikiliangalia gari na kulizunguka. Mwisho nikavua shati nikaanza kufungua.

Pistoni zilikuwa zimeganda ndani ya mashine kwa kutu na tope. Niliziloweka kwa mafuta ya taa na oili chafu, nikawa nazigonga kila asubuhi kwa kipande cha mti, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mgonjwa. Nyingine zikakubali, nyingine zikakataa. Spea hakuna madukani, hali huko kwenu mnaijua na huku ni hiyo hiyo. Nilikwenda Shinyanga nikaipata Landrova nyingine iliyokufa, nikatoa kwayo nilichohitaji. Chesi, ule uti wa mgongo wa gari, ilikuwa imepinda. Tuliifunga minyororo kwenye mti wa mkwaju, mhunzi akaipasha moto kwa mkaa na mvukuto wake, tukaivuta mpaka ikanyooka. Paa lile nililikata nikalitupa. Sikutaka mtu yeyote akae chini yake tena. Badala yake seremala alijenga bodi la mbao za mninga, mabenchi huku na huku, turubai juu. Springi niliziongezea vyuma vya lori ili libebe watu na mizigo yao, mbele nikafunga winchi ya trekta bovu, ile ya kuvutia gari kwa kamba likikwama. Na kwa kuwa maji ndiyo yaliyoliua, bomba la kuvutia hewa nililipandisha kutoka kwenye mashine mpaka juu ya turubai, na ekzosi nikaipandisha vilevile. Watoto wa mtaani wakaliita Tembo.

Kazi hiyo yote mama Mwanaidi alikuwa nami. Alisugua kutu kwa mchanga hadi ngozi ya vidole ikachubuka. Siku moja nikamuuliza tutamwajiri nani awe dereva. Akasema, "Nitaendesha mimi." Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamfundisha kwenye majaruba ya mpunga yaliyokauka, mtoto amekaa kati yetu, majirani wamesimama kwenye matuta wakipiga vigelegele vya kejeli kila gari lilipozimika. Askari aliyemjaribu barabarani alimrudisha, akamrudisha tena, kisha akampa leseni.

Na hapa nimjibu Mjomba, maana najua yuko kibarazani anasikiliza. Mjomba, ile habari ya mimi kumrithi mke wa marehemu, nilimfikishia mwenyewe kama ulivyoagiza. Alinisikiliza kwa heshima, akajibu kuwa mume wake alikuwa Rajabu na mimi kwake ni kaka tu. Nami moyoni niliona ndivyo ilivyo. Naomba tuifunge.

Mama Mwanaidi alianza kubeba abiria kati ya hapa na Runzewe. Petroli hutolewa kwa kibali na siku nyingine tulilala bila kuwasha mashine, lakini akina mama wenye wagonjwa na wachuuzi wa samaki wakavu walimpenda, kwa sababu hakimbizi gari. Njia hiyo inapita pale alipofia Rajabu. Kuna kivuko cha zege kilichowekwa chini, mtoni. Kiangazi unavuka tairi likiwa kavu, masika maji yanapita juu yake. Kila tulipofika alipunguza mwendo, akasema "Bismillahi" kama Rajabu alivyomzoesha, tukavuka.

Sasa nasimulia siku yenyewe.

Tulikuwa Runzewe mvua imenyesha usiku kucha. Kukapambazuka, wakaja vijana wachimbaji wa dhahabu wamebeba kitanda cha kamba. Shimo lao, wenyewe huita duara, lilikuwa limeporomoka, na mwenzao Masanja amebanwa na mwamba kifuani. Alikuwa mzima, anaongea. Tukakiweka kitanda katikati ya mabenchi, wenzake wakapanda wote, tukaondoka kwenda hospitali ya huku Kahama. Tulipofika mtoni zege halionekani. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, yanapita kwa nguvu yamebeba matawi.

Mama Mwanaidi akazima mashine. Akakata fimbo, akafunga kanga kiunoni, akaingia. Maji yalimfika magotini, kisha mapajani, kabla hajafika katikati yakamsukuma akayumba, akarudi.

Vijana walianza kupiga kelele. "Vuka, mama! Gari lina pua juu, unaogopa nini?" Nami, Mama, niliyelijenga lile gari kwa mikono yangu, nilimwambia, "Shemeji, litavuka. Maji hayafiki kwenye bomba."

Akanitazama. Nguo zilikuwa zinamchuruzika maji. "Gari litavuka, shemeji. Barabara ndiyo siioni. Hata Rajabu walimwambia gari litavuka."

Kijana mmoja akarukia usukani. Mama Mwanaidi alishautoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga, akasimama mbele ya winchi. "Mwenzenu tutamvusha," akasema, "ila garini humu havuki mtu. Shukeni."

Juu kidogo mto unatanuka, maji yanapungua kasi na kupita kwenye mawe; gari haliwezi kupita hapo, mtu anaweza. Kijana mwenye nguvu alivuka na kamba ya winchi akaifunga kwenye mti ng'ambo. Tukainyoosha ikakaza. Kisha tukakipandisha kitanda mabegani, mkono mmoja kitandani na mwingine kwenye kamba. Mimi nilishika pembe ya kichwani. Maji yalinifika kifuani. Masanja alikuwa anatazama mbinguni, akaniuliza, "Fundi, tumefika?" Nikamwambia bado kidogo. Tulipovuka tukapata mkokoteni wa ng'ombe kijijini, na ng'ombe, Mama, hawajui haraka. Tulifika hospitali jua linazama. Baba yake akaitwa, akakesha naye. Asubuhi Masanja akafariki.

Daktari alisema alikuwa ameumia sana ndani. Hakusema kama zile saa zingemwokoa, na sisi hatukumuuliza.

Siku mbili tatu baadaye mto ukapungua. Nilikwenda mwenyewe kulirudisha gari na kuangalia njia. Zege lilikuwepo, Mama. Lilikuwepo lote, halikung'oka hata pembe. Nilisimama pale nikatamani lisingekuwepo. Kurudi nilimweleza mama Mwanaidi, kwa sababu kama nisingemweleza mimi angeelezwa sokoni. Akaitikia, "Haya," akaendelea kumsuka mtoto nywele.

Maneno yakaenea mji mzima. Mwanamke kaogopa kaburi la mumewe, kamuua mtoto wa mwenzie. Akilipeleka gari kituoni, abiria wanapita kando kama lina ndui. Walikuwa tayari kusubiri lori mpaka jioni kuliko kupanda kwake. Ikafika siku hakulitoa kabisa. Alikaa kizingitini, akaniambia kwa sauti ndogo, "Shemeji, mwandikie mama mkwe. Mwambie labda tutakuja."

Nilichukua karatasi, Mama. Niliandika salamu, nikashindwa kuendelea. Nilikuwa nimekipata ulichoniagiza na sikukifurahia.

Baba yake Masanja alikuja siku ya gulio. Ni mfugaji, mzee mrefu, amevaa shuka ya msiba na kunyoa kichwa. Mama Mwanaidi alikuwa amelipeleka gari kituoni kwa sababu nilimlazimisha, na lilikuwa tupu kama kawaida. Watu walipomwona yule mzee anakuja moja kwa moja, wakampisha njia. Mimi nilisogea karibu, kwa kuwa sikujua anakuja na nini.

"Mwadila, mayu," akamsalimu, kwa Kisukuma, kama mtu anavyomsalimu mama yake.

"Mwadila, baba." Mama Mwanaidi akapiga magoti.

"Inuka. Nimetoka mtoni. Nimekwenda kuiangalia ile barabara."

"Ipo, baba. Nimeambiwa ipo."

"Ipo. Siku ile ilionekana?"

"Haikuonekana."

Mzee akaiegemea fimbo yake. Kisha akageuka, akasema kwa sauti ya watu kusikia. "Mwanangu amekufa nimemshika mkono. Nimemuosha, nimemzika kwangu. Wale wenzake waliokuwa humu wote wana mama, na leo mama zao wamewapikia. Anayesema huyu ameniulia mtoto aje aniambie mimi."

Hakuna aliyekwenda. Mzee akafungua mlango wa mbele, akapanda, akakaa pembeni ya kiti cha dereva, akaweka fimbo yake katikati ya magoti. "Nipeleke nyumbani, mayu," akasema. "Miguu imechoka."

Mama Mwanaidi akawasha, mara ya kwanza likakataa, mara ya pili likawaka. Hawakuondoka wawili tu. Kabla hawajafika mwisho wa kituo mama mmoja mwenye kapu la samaki alipiga mlango kwa kiganja, akapanda, na mwingine nyuma yake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, Mama. Mtoto haji nami. Atakaa na mama yake. Najua ulitaka kuiona sura ya Rajabu ikicheza uani kwako, na kweli mtoto kafanana naye mpaka kicheko. Lakini mwanamke huyu nimemwona akisimama peke yake mbele ya watu wanaomfokea, mimi nikiwa miongoni mwao, na sina kinywa cha kumwambia hawezi kulea mtoto. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Yeye anakuamkia sana, na amesema mvua zikiisha atakuja na Mwanaidi kwa treni wakae nawe mwezi mzima, uchoke nao wewe mwenyewe. Naomba umtumie radhi yako kabla ya hapo. Aisikie kwa maneno yako, Zaina ayaandike kama utakavyoyasema.

Mimi njia ya Isaka ikikauka nafunga mizigo. Mwambie mke wangu aniandalie uvumilivu kidogo, amebaki na watoto muda mrefu na najua lililomo moyoni mwake, nitalisikiliza lote. Nisalimie Mjomba, na asininunie. Nisalimie shangazi wa bondeni na yule mwalimu wa chuo aliyemfundisha Rajabu juzuu zake za kwanza. Mwambieni kaburi nimelijengea ukingo wa mawe, mifugo haipiti. Zaina, asante kwa macho yako.

Usiinuke mkekani peke yako. Nisubiri nije nikushike mkono.

Mwanao wa kiume uliyebaki naye,

Hamisi