Manyasi ya Mlangoni

Wifi yangu Fumie,

Huku theluji imeyeyuka. Miso ya mwaka huu, ile rojo ya soya ninayoivundika, imenitoka na chumvi nyingi, na mgongo unanisumbua kidogo asubuhi.

Dalali wako alifika Jumanne. Alinikuta nakata manyasi ya susuki pale mlangoni, maana mabua makavu yasipoondolewa mapema huyabana machipukizi. Akasema, "Mama, haya yang'oe. Yanaifanya nyumba ionekane gofu. Bi Fumie ameshakubali tumwage zege hapa, pawe pa kuegesha magari."

"Fumie haishi hapa," nikamwambia. "Na gofu halimkaribishi mtu chai."

Alikunywa chai, akaaga.

Kaka yako aliyapanda manyasi yale mwaka tuliomzika mwanetu. Hilo unalijua vizuri, Fumie. Sasa naye ametangulia, na wewe unadhani nimebaki kulinda kuta tupu.

Basi sikia nilichofanya. Shina lilikuwa limekufa katikati, kama susuki kongwe zilivyo. Nililichimbua lote, nikalipasua kwa msumeno, sehemu mbovu nikaitupa, na vipande vizima nikavipanda kuzunguka kiwanja mpaka barabarani. Jirani yangu Oguri akanicheka: "Kazue, unajenga ngome?" Nikamwambia ashike jembe, akashika.

Vuli manyasi yatachanua. Njoo tuutazame mwezi pamoja, chumba chako nimeshakifagia. Ila dalali mwache hukohuko Osaka. Nyumba siuzi.

Ni mimi wifi yako,
Kazue