Chumvi ya Soseji za Mzee Tang

Jumanne, 2 Juni
Zamu ya asubuhi ya kuhudumia mgonjwa nyumbani kwake, Toongabbie. Nimemwogesha Mzee Tang, nimemvika sweta mbili maana huku Juni ni baridi, nimempima uzito. Ameshuka tena. Uji umerudi jikoni ulivyokwenda. Dawa za saratani ziliua ulimi wake. Chumvi na sukari kwake ni mamoja. Kilichobaki ni pua, na pua hiyo haikubali kitu.

Binti yake, Lian, anafanya kazi benki huko mjini. Amejaza friji chupa za maziwa ya wagonjwa. Mzee huzitazama kama dawa ya viroboto. Nimekasirika siku nzima, na sijui namkasirikia nani.

Jumatano, 3 Juni
Leo ametaja chakula mwenyewe. Soseji. Soseji za Kichina. Kisha akalala. Nitamtafutia.

Ijumaa, 5 Juni
Nimezipata duka la Wachina, Merrylands. Nyekundu, kavu, zimefungwa mbili mbili kwa uzi. Mimi ni Msabato. Nguruwe haingii kinywani mwangu, na kabla ya leo hakuwahi kuingia mkobani. Nimebeba pakiti kwenye treni kwa ncha za vidole, kama ingeniuma.

Nimezipika kwa mvuke juu ya wali. Amenusa mara moja, akageukia ukuta. Nimeumia. Nilitegemea japo asante.

Jumanne, 9 Juni
Ameamka na nguvu. Akaniita mezani, akapanga vitu: kikombe, kiberiti, kitunguu saumu, kopo la pilipili. Ramani ya nchi yao, kumbe.

Kikombe ni Guangdong, kusini. Huko hutia sukari na pombe ya mchele, na ndizo nilizomletea. Kiberiti ni Hunan, ambako huning'iniza nyama kwenye moshi mpaka iwe nyeusi. Kitunguu saumu ni Harbin, kaskazini kabisa, kwenye baridi. Soseji zao walifundishwa na Warusi. Kopo ni Sichuan, kwao. Pilipili kali, na pilipili nyingine ndogo inayotia ulimi ganzi. Hazitiwi moshi wala sukari. Hukaushwa na upepo wa majira ya baridi, basi. Hakuniachilia mpaka nikayarudia yote bila kukosea.

Nimeona aibu. Mimi ninayenuna watu wakiniuliza chakula cha Afrika kina ladha gani, nilidhani soseji ya Mchina ni soseji ya Mchina.

Akaniambia lililobaki. Alikuwa akizitengeneza kila baridi. Lian akiwa shuleni, watoto walimcheka kwa harufu ya mkebe wake wa chakula, na tangu siku hiyo hajaziweka mdomoni. Mke alipofariki, mzee akaacha kabisa. Sasa anataka kuzitengeneza mara moja tu, na Lian ale yeye akimwona. Hana ombi lingine duniani. Nimekubali kabla sijafikiri.

Jumatatu, 15 Juni
Nimenunua nyama na utumbo kwenye bucha ya Mchina. Kwamboka, ninayeishi naye, amefungua madirisha yote na kuniuliza kanisani nitasema nini. Nimemwambia hakuna atakayeuliza asipowaambia yeye. Amecheka, mimi sikucheka. Nimeomba. Sijajibiwa, au nimejibiwa sikusikia.

Jumanne, 16 Juni
Nimechoka mabega. Nyama haisagwi, hukatwa kwa kisu, nofu kando na mafuta kando. Nilivaa glavu mbili mbili. Mzee alikaa kwenye kiti cha magurudumu akitoa amri kama kocha.

Ikafika zamu ya chumvi. Nikatafuta kijiko. Akakataa. Akaniambia nivue glavu, chumvi si nguruwe. Akashika mkono wangu, akamimina chumvi kiganjani taratibu, mpaka ikafunika mkunjo ulio chini ya vidole. Basi, akasema. Akanifunga vidole mwenyewe. Kiganja kimoja kwa kila beseni. Mama yangu kule Nyamira hupima hivyo hivyo, na hajawahi kukosea mboga.

Hakuna aliyeonja. Ulimi wake umekufa, wangu umekatazwa. Tumekiamini kiganja.

Tumejaza nyama kwenye utumbo, tumefunga soseji kwa uzi, tumezitundika gereji, mlango wazi.

Ijumaa, 19 Juni
Upepo wa magharibi, mkavu, unapasua midomo. Mzuri kwa soseji. Mzee ametaka kukaa gereji na blanketi. Amezitazama asubuhi yote. Zimeanza kusinyaa na kuiva rangi. Amekula wali mweupe bakuli zima, akinusa kule juu. Nimefurahi mpaka nikaimba, na mimi si mwimbaji.

Jumapili, 28 Juni
Mambo yameharibika.

Lian huja Jumapili na haingii gereji. Leo ameingia kutafuta kiti. Amekuta nyama mbichi inaning'inia. Ameniuliza kama nataka kumuua baba yake. Chumvi na figo zake mbovu, je? Nzi, je? Mzee akasema naye kwa Kichina, sauti ndogo. Yeye akajibu kwa Kiingereza, sauti kubwa. Akaondoka bila chai.

Ana haki ya kuuliza. Nilipaswa kumwambia tangu mwanzo. Lakini alivyoniangalia sitasahau leo wala kesho.

Jumatatu, 29 Juni
Ofisi inayonituma kazini imepiga simu. Nisiende Toongabbie mpaka waniite. Mvua imenyesha tangu mchana. Nani atafunga mlango wa gereji? Kazi yangu iko hatarini na mimi nawaza soseji.

Ijumaa, 3 Julai
Lian amepiga simu. Baba yuko hospitali, mafua yameshuka kifuani. Nikangoja lawama. Hazikuja. Daktari amesema soseji hazihusiki, hakuna aliyezila. Tena sasa haruhusiwi kumeza chochote, hata maji.

Halafu akauliza, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani, zinapikwaje. Alizifungia mlango mvua ilipoanza, akasema. Mwenyewe.

Nimemweleza. Aoshe kwa maji ya uvuguvugu. Mvuke juu ya wali. Zipoe kwanza, kisha akate mshazari, vipande vyembamba.

Jumatatu, 6 Julai
Nimekwenda hospitali, si kwa zamu. Lian alikuwa na mkebe mapajani, hajaufungua. Aliogopa wauguzi. Nikamwambia kumeza ndiko kumekatazwa, kunusa hakujakatazwa.

Akafungua. Chumba kizima kikajaa. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kutazama. Mzee alikuwa amefumba macho. Pua ikatangulia kuamka, kisha macho. Akanusa kwa muda mrefu. Halafu akanyoosha kidole kwa Lian.

Lian akala kipande. Akatafuna taratibu, kichwa chini. Akala cha pili. Mzee hakupepesa macho. Sijui nyuso zao zilisemezana nini, nilitazama dirishani maana hayakuwa yangu. Nilipogeuka, mkebe ulikuwa mtupu na Lian alikuwa analia bila kujifuta.

Alhamisi, 9 Julai
Amefariki alfajiri. Lian amenipigia mimi kabla ya ofisi. Nimelia kwenye treni mbele za watu. Kuna mama amenipa karatasi laini bila kuniuliza kitu.

Jumamosi, 11 Julai
Kanisani. Wametuuliza maombi. Nimesimama nikasema nimefiwa. Wakauliza na nani. Nikasema baba. Kwamboka akanitazama, asiseme neno. Namshukuru.

Jumapili, 2 Agosti
Lian ameniita Toongabbie. Picha ya mzee iko mezani, mbele yake bakuli la wali, vijiti, na vipande vya soseji za mwisho. Amenipa wali kando, kwenye sufuria isiyogusa nyama. Hilo amelifikiria mwenyewe.

Nimemwuliza zina ladha gani. Nilizikanda kwa mikono hii na sitajua kamwe. Amefikiri sana. Kwanza zinachoma, amesema. Halafu mdomo unakufa ganzi, unadhani imekwisha. Halafu utamu unakuja nyuma, pole pole. Na chumvi? Chumvi ni ile ile ya utotoni.

Amenunua nyama, baridi ikiwa bado ipo. Ameikata kwa kisu, vidole viwili vina plasta. Alikuwa na kila kitu isipokuwa kipimo cha chumvi. Mzee hakuwahi kukiandika, na yeye hakuwahi kukaa jikoni akitazama.

Nikamwambia amimine. Nikanyoosha kiganja. Akamimina mpaka mkunjo ukafunikwa, nikasema basi. Kisha nikaihamishia yote kwenye kiganja chake, nikamfunga vidole.

Mkono wake ni mdogo kuliko wangu. Chumvi nyingine imemwagika mezani. Tumeikusanya, tukarudia, mpaka akajua kiganja chake kijae vipi, na kiasi gani cha kuongeza juu. Tumetundika saa tisa. Mlango wa gereji tumeuacha wazi.