Mama Yake Ameenda Sokoni

Rumonge, 3 Machi 1999

Mwanangu Kaoutar,

Asalaam alaykum. Afya yako? Umekula? Mie nipo, magoti tu yananisumbua, na ndagala zimeadimika kwa sababu wavuvi wanakatazwa kuingia ziwani wakati huu wa vita.

Jirani yetu Fatuma, muuza mawese, hatunaye. Gari alilopanda lilipigwa risasi karibu na Gatete, tukamzika siku ileile. Binti yake Aziza, miaka saba, nimemchukua mimi. Tumemwambia mama yake ameenda sokoni Bujumbura, kama tunavyowaambia watoto siku zote, mpaka akili ikomae. Tangu hapo hasemi neno. Gari la Bujumbura likifika, anakimbilia kituoni kutazama wanaoshuka.

Wewe unasomea mambo ya akili za watoto. Nipe dawa.

Mama yako

Bujumbura, 11 Machi 1999

Mama mpenzi,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima, ila nimekonda, usinigombeze. Pole kwa magoti, na pole sana kwa Fatuma. Nimemlilia.

Dawa sina, Mama. Huu ni mwezi wa tatu wa staji, mafunzo ya kazi, na ninachojua ni kidogo. Juzi nilimwambia mtoto mmoja, "Usilie, yataisha." Madamu Marguerite, anayetusimamia, akaniita pembeni: "Umemunyamazisha sababu wewe ndiye ulikuwa hauwezi kuvumilia." Niliona aibu. Sasa nakaa naye mkekani, namwachia kalamu za rangi, nanyamaza mpaka aanze mwenyewe.

Huo uongo uacheni. Mwambie Aziza kwa maneno mafupi: mama amekufa, hatarudi, si kosa lako, mimi nipo. Usiseme amelala wala amesafiri.

Binti yako, Kaoutar

Rumonge, 2 Aprili 1999

Kaoutar,

Salamu. Sisi wazima, kwa nje tu.

Nilijaribu. Nilimkalisha, nikamshika mikono, nikaanza, "Mama yako…" Nikamwambia mama amechelewa kwa sababu anamtafutia gauni. Ndiyo, nimeongeza juu ya uongo! Sasa anatazama mizigo ya kila abiria.

Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Njoo umwambie wewe.

Mama yako

Bujumbura, 9 Aprili 1999

Mama,

Amahoro. Natumaini magoti yamepoa.

Nitakuja Alhamisi, tarehe 15, kwa gari la Jamali, dereva anayetubebea barua. Madamu amenipa siku mbili. Aziza usimwambie, tumefundishwa tusimwahidi mtoto siku, barabara si yetu.

Naogopa, Mama. Barabara naiogopa, lakini zaidi naogopa nitakaa mbele yake nikose maneno kama wewe.

Binti yako, Kaoutar

Rumonge, 24 Aprili 1999

Mwanangu,

Hujambo? Wanasema uko hospitali. Gari la Jamali lilichomwa, wewe umeumia mguu tu, barabara ikifunguka nitakuja kukuona. Nikiuliza hospitali gani, huyu anataja hii, yule ile. Shekhe amekuja mara mbili, akanywa chai, akaondoka bila kusema lililomleta. Jirani Batuli na wenzake wananiletea chakula asubuhi na jioni.

Kila siku nakwenda kituoni na Aziza. Jana tuliwatazama wote wakishuka mpaka wa mwisho. Akanivuta kanga. Mwanangu, akasema! Sauti kama ya mtu aliyeumwa koo:

"Bibi, twende nyumbani. Kaoutar amekufa. Na mama yangu alikufaka."

Nikamuuliza nani kamwambia.

"Hakuna mutu. Tangu siku ile mulikuwa munanipa samaki mukeke muzima, peke yangu. Zamani mama akienda soko kweli, munanipa kichwa chake tu. Sasa na wewe wanakuletea."

Nilimshika mkono, tukarudi nyumbani. Miezi miwili mtoto huyu amebeba kifo peke yake, akitungoja sisi wakubwa tupate ujasiri. Nilimnyima hata kulia, Kaoutar, nikijiona nina huruma.

Tulikaa mkekani mpaka chai ikapoa. Sikumwambia asilie. Yeye naye hakuniambia.

Barua hii simpi dereva yeyote.

Mama yako