Jogoo Amepata Mwenyewe, Mama

Mama yangu mpendwa,

Na kingine ambacho asubuhi sikumaliza kukwambia, kwa sababu maziwa yalifurika nikakimbilia jiko, ni kwamba Jogoo ameuzwa. Naam, Jogoo wa Baba. Ameondoka Satwa, hapa Dubai, siku ya Alhamisi juu ya lori la kubebea magari, magurudumu yamefungwa mikanda, na mimi sikulia. Nilidhani nitalia. Nilisimama mlangoni pa gereji na mume wangu, nikalitazama lori likikata kona penye duka la fundi cherehani, kisha nikauliza mchana tutakula nini.

Mume wangu. Niache niliandike tena neno hilo, maana bado lina harufu ya dukani. Mume wangu, Mama, anaitwa Idi, mtu wa Mombasa, anafanya kazi kwa wakala wa mizigo kule Deira, na akicheka huanza kucheka mabega kabla ya mdomo. Ningeweza kuijaza karatasi yote hii kwa mabega ya Idi. Huchuja chai mara mbili kwa sababu siku moja alinisikia nikisema sipendi majani yakinigusa ulimi. Akirudi kazini hupiga kengele ya mlango, na ufunguo anao mfukoni, eti anataka kufunguliwa na mimi. Lakini nimekuahidi habari za gari. Za Idi utazipata humohumo, hazikwepeki.

Kila asubuhi huwa nazungumza nawe jikoni. Hii nimeiandika kwa sababu wengine nao wataisoma, na hao hawamjui Jogoo. Basi niwaeleze kidogo, nawe univumilie.

Jogoo ni gari jeusi la Kimarekani, la silinda nane, ambalo Baba alilinunua kabla sijazaliwa kwa mhandisi mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Jina alipewa na majirani wa Satwa, kwa kuwa Baba akiliwasha alfajiri hakuna aliyehitaji kuamshwa tena. Siku za Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, vijana wenye magari walikutana kwenye ile barabara iliyonyooka ya kuelekea jangwani, wakati huo hakuna kitu pale isipokuwa mchanga na nguzo za umeme, wakashindana mbio. Haikuwa ruhusa, wala siisifu. Baba mwenyewe leo akimwona kijana anakimbiza gari barabarani humwombea kwanza, halafu humtukana. Lakini kwa miaka, Jogoo hakuwahi kupitwa. Walikuja watu kutoka Sharjah, wakaja kutoka Al Ain na injini mpya, wakarudi kwao na maelezo.

Wewe hukumwambia hata mara moja asiende. Nakukumbuka umejifunga leso, chetezo mkononi, unaifukiza kanzu yake ya Ijumaa. Ukimaliza kanzu, ulitoka nje na chetezo kilekile, ukakiweka ndani ya gari, ukafunga mlango na kusubiri. Baba alikuwa akilalamika kwamba wenzake watamcheka. Nawe ukamjibu, bila kumtazama, "Kama huwezi kukaa nyumbani, angalau unukie nyumbani."

Na kweli walimcheka. Akifika tu, walikuwa wakisema harusi imefika. Halafu waliziona taa zake za nyuma.

Ijumaa ile ya mwisho naikumbuka kwa macho ya mtoto, kwa hiyo yawezekana nimeikuza. Ulikuwa umesikia kwamba kijana fulani wa familia yenye uwezo ameleta gari jeupe, jipya, na kwamba safari hii watu hawatakwenda kucheza. Ukavaa buibui. Ukachukua chetezo, ukaingia ukakaa kiti cha mbele, ukakiweka miguuni. Mimi ulikuwa umeshanipakia nyuma. Baba amesimama nje na ufunguo, anangoja ushuke. Ukamwambia, "Leo tunakwenda sote."

Nadhani alitegemea utashuka kwenye mzunguko wa barabara. Hukushuka. Tukafika kwenye mstari, gari jeupe liko ubavuni, kijana wake kauning'iniza mkono dirishani. Moshi wa udi unatoka madirishani kwetu kama tumepika. Baba akakutazama. Wewe ukaitazama barabara. Mtu mmoja akainua kilemba juu, akakishusha, gari jeupe likaruka, na Baba akauzungusha usukani kwa nguvu tukarudi tulikotoka. Kona ile ndiyo iliyopindua chetezo. Makaa yakamwagika kwenye zulia la gari, ukayazima kwa chai ya chupa. Tulipofika Satwa, Baba akatununulia chapati na mayai kwenye mkahawa wa pembeni, na wewe ndiye uliyeanza kucheka.

Hakushindana tena. Tundu la moto likabaki pale ilipokuwa miguu yako.

Sasa ya pili, ambayo unaijua kuliko mimi. Ulikwenda Unguja kumtazama dada yako, ukaugua siku chache, ukaondoka. Ukazikwa kabla ya magharibi, kama tunavyozikana. Saa hiyo Baba alikuwa uwanja wa ndege hapa Dubai, na tiketi mkononi. Ile ndege hakuipanda. Na tangu hapo hajapanda nyingine. Kila tukimwambia twende tukamzuru Mama, anasema hawezi kumwacha Jogoo peke yake gereji: betri itakufa, matairi yatakaa vibaya, vumbi litaingia. "Jogoo akipata mwenyewe, nitakwenda." Tulijua si Jogoo. Naye alijua tunajua. Lakini ndivyo alivyosema, na maneno ya Baba unayajua, hayana mlango wa nyuma.

Mwaka huu jengo lenye gereji linabomolewa. Macho ya Baba yamefifia, haendeshi tena. Sisi tumepanga Al Jaddaf, nyumba nzuri, ndogo, yenye nafasi moja ya kuegesha, na nafasi hiyo ina kigari cha Idi. Ikawa hakuna budi Jogoo auzwe.

Wa kwanza kuja alikuwa mtu wa spea. Alitaka injini na gia tu, mengine yatupwe. Baba akamkaribisha chai, akamngoja aimalize mpaka tone la mwisho, kisha akamwambia sikukuu bado, na Jogoo huyu si wa kuchinjwa. Yule bwana alipoondoka, Baba alionekana ana raha. Mimi ndiye niliyeingiwa na wasiwasi. Niliona kwamba atamkataa huyu na yule na yule, na hutamwona kamwe. Zamani ningesema ni mambo ya wazee. Tangu niolewe, nikisikia kengele ya Idi jioni moyo hunipanda, nikajiuliza mtu aliyezoea kufunguliwa mlango na wewe maisha yake yote anaishije mbele ya mlango usiofunguliwa.

Kisha akapiga simu mzee mmoja Mwarabu wa hapahapa, Abu Hamad. Alisikia kuna gari jeusi Satwa. Alikwishaonyeshwa magari meusi mengi, na kila muuzaji aliapa kwamba lake ndilo lile lililokuwa halipitwi. Sauti yake haikuwa na matumaini. Alisema atakuja Jumanne baada ya alasiri.

Tukaliosha. Idi alikunja suruali mpaka magotini, akawa anasugua magurudumu na kuimba vibaya, na mimi nikasahau kazi kwa kumtazama. Kisha nikaleta chetezo chako. Kilikuja na vyombo vyangu vya harusi, Baba mwenyewe alikifunga kwa gazeti. Idi akauliza, "Kwetu hufukizwa nguo, hufukizwa bi harusi. Na gari nalo laolewa?"

Nikamwambia anakuja mchumba kulitazama. Mabega yakaanza.

Nikakiweka chetezo juu ya lile tundu, kwa kuwa zulia pale limeshaharibika, nikatia udi wa Deira, ule mzuri wa harusi yetu, na kwa furaha niliyonayo siku hizi sikupima mkono. Nikafunga vioo. Niliazimia kukitoa baada ya muda mfupi. Nikaenda nyuma kupika kahawa, Idi akanifuata anisaidie kubeba sinia. Sinia la kubebwa na mtu mmoja, Mama, lilibebwa na wawili, na lilichelewa sana.

Mgeni akawahi. Tulichosikia ni kelele. Fundi aliyekuja na Abu Hamad alifungua mlango wa Jogoo, moshi ukamvaa usoni, akapiga ukelele kwamba nyaya zinaungua. Tunafika mbio, boneti iko juu, fundi keshanyofoa waya wa betri, anaomba maji, anaomba mchanga, anawaambia watu wakae mbali. Baba kainuka kitini, haoni vizuri, mikono mbele.

"Mmenichomea gari?"

Nikamwambia, "Ni udi, Baba. Nimefukiza."

Nikaona pua yake inafanya kazi. Kisha akashuka taratibu akakaa, si kwenye kiti, kwenye tairi bovu lililokuwa karibu, na kanzu yake nyeupe.

Abu Hamad hakuwa amesogea hata hatua. Alimwashiria fundi aache. Akainama, akaingiza kichwa ndani ya gari, akatoa leso, akakisogeza chetezo pembeni na kulitazama tundu. Alikaa vile ameinama mpaka Idi akaninong'oneza kwamba mzee huenda kiuno kimegoma. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, nami nitasema ni moshi.

Akamuuliza Baba kwa Kiarabu, polepole, "Yule mama yuko wapi?"

Yeye ndiye aliyekuwa kwenye gari jeupe, Mama. Alitusimulia, sinia la kahawa likiwa bado mikononi mwangu. Alikimbia mpaka mwisho wa barabara, akageuka, akakuta nyuma yake hakuna mtu wa yeye kumcheka. Wenzake wakambeba juu, wakasema ameshinda. Hakuamini siku hiyo, na hajaamini mpaka leo. Amezeeka na swali moja: mtu mwenye gari kama lile, amefika kwenye mstari, amegeuka kwa nini? Baba akamjibu kwa maneno mawili tu, "Nilikuwa naye."

Kisha akajibu na lile swali la kwanza. Alisema yuko Unguja, kaburini. Sikuwahi kumsikia Baba akilitamka neno hilo. Abu Hamad akatoa mkono wa pole, akakuombea, halafu akauliza kama yeyote angeuliza, kwamba kaburi liko vipi, linatunzwa?

"Sijaliona," Baba akasema. "Nilikuwa nangoja gari hili lipate mwenyewe."

Abu Hamad akamtazama yeye, akamtazama Jogoo, akanyoosha kiganja apewe ufunguo.

"Khalas, yamekwisha. Limepata."

Mambo ya bei waliyamaliza wao wenyewe, pembeni, kama watu wanaoagana. Fundi akarudisha waya wa betri huku ananung'unika. Baba akaingia, akakaa, akapapasa usukani, akamwasha Jogoo mara ya mwisho. Fundi cherehani wa jirani akatoka nje na futi yake shingoni, akawaambia wateja wake, subirini, huyo akinguruma mimi siwezi kushona mstari ulionyooka. Abu Hamad akasema injini hataigusa, rangi hataigusa, na lile tundu halizibwi.

Kwa Jogoo sina huzuni, Mama. Nimejipekua, sijaiona. Ni chuma, na kimekwenda pazuri. Ninachokisikia ni wepesi tu, na kidogo hofu ile ya mtu anayesubiri wageni. Jioni ile ya Jumanne Baba alikula kwetu Al Jaddaf. Alisifu samaki, akalalamikia lifti, kisha akamuuliza Idi, kama anayeuliza habari za mvua, siku hizi ndege za Unguja zinaondoka saa ngapi. Idi akamjibu palepale, saa na siku. Mume wangu alikuwa ameshauliza kabla ya kuulizwa. Nilikwenda jikoni kutafuta ndimu ambazo hazikuwepo, nikalia huko, kidogo, kwa raha.

Basi jitayarishe. Utamwona Idi, na usimcheke jinsi anavyotembea akiwa na haya. Mimi utaniona nimenenepa, ni mapishi yake. Na Baba, leo asubuhi kaniletea kanzu yake mpya bado imo ndani ya mfuko wa dukani, akasimama mlangoni bila kuingia. Kaniambia niifukize vizuri, mpaka ndani ya mikono, asije akafika kwako ukamuuliza alikuwa wapi siku zote.

Nimeitundika. Makaa yameshika. Pumzika kwa amani, Mama, na kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa hapo ulipo, sote watatu, tunanukia nyumbani.

Mwanao, ambaye sasa ni mke wa Idi