Jiwe la Kusagia kwa Ngeleja

Bariadi, 4 Machi 2024

Baba mpendwa,

Mwangaluka. Mimi na wajukuu zako mhola, wazima kabisa, ila mvua imetufungia ndani. Shangazi Flora anaendeleaje na kifua? Najua siku hizi simu huisikii, ndiyo maana nampa kondakta wa basi la Lamadi barua hii, pamoja na michembe kidogo ya viazi.

Jumamosi nawapeleka wanafunzi wangu kuona nyumba ya zamani ya mtemi, ile ya ng'ambo ya Lalago. Ulizaliwa nyuma yake, na kila nikikuomba twende unasema miguu. Basi, nikuangalizie nini?

Mwanao,
Debora

Lamadi, 6 Machi 2024

Mwanangu Debora,

Mwangaluka, mama. Michembe imefika na shangazi yako ameimaliza peke yake, kwa hiyo kifua chake kizima. Miguu yangu ni ile ile.

Niangalizie kaburi la babu yako Ngeleja. Alikuwa mkuu wa wachungaji wa mtemi, na mji wetu, kaya nzima, ulikuwa nyuma ya nyumba ile. Tulimzika mwaka sabini na nne, mwezi mmoja kabla ya kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Niliweka juu yake jiwe la kusagia la mama. Lori lilipokuja nilimwahidi baba pale kaburini, mbele za watu, kwamba nitarudi baada ya mavuno.

Sijarudi mpaka leo. Nasikia siku hizi wanalima pamba huko mpaka ukutani, na roho inaniuma nikifikiri jembe limepita juu yake. Niambie ukweli, hata ukiwa mchungu.

Baba yako,
Machibya

Bariadi, 10 Machi 2024

Baba,

Pole na miguu. Sisi wazima.

Nyumba ni nzuri jamani. Kuta za mawe, nene, mchana wa jua kali ndani unasikia baridi. Baraza lina matao, na chumba cha mwisho kina ngoma kubwa ambayo wanafunzi walikatazwa kuigusa, wakaigusa.

Pembeni kuna makaburi ya ukoo wa mtemi, yamejengewa saruji. Nilisoma majina yote. Babu hayupo. Nyuma ya nyumba ni pamba tupu, jiwe sikuliona. Nisamehe, Baba. Uliniomba ukweli.

Mwanao,
Debora

Bariadi, 14 Aprili 2024

Baba,

Wiki tano kimya! Kondakta ananiona tu anatikisa kichwa. Nilijuta kukuandikia vile, nikashindwa kukaa. Jana nimerudi kule peke yangu, kwa bodaboda kutoka Maswa, matope hadi kwenye nywele.

Mara hii nilimkuta mlinzi wa nyumba, mzee Mayunga. Nilipomweleza, alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu, unamtafuta mwenye mji kwenye saruji? Mwenye mji huzikwa zizini!" Baba, Msukuma gani mimi?

Alinipitisha katikati ya pamba mpaka ilipokoma, tukaingia kwenye ngitili yao, malisho waliyoyafunga mpaka kiangazi. Nyasi zilinifika kifuani. Katikati kuna minyaa imepandwa duara, ua wa zizi la zamani, na ndani yake jiwe la kusagia, limejaa maji ya mvua, chiriku wanakunywa.

Nikamuuliza kwa nini hapakulimwa, na ardhi ya zizi ilivyo na rutuba. Akasema, "Marehemu baba alitukataza. Alimsikia mtoto wa Ngeleja akiahidi kurudi baada ya mavuno. Tukawa tunamngoja."

Nililia pale, Baba, lakini kwa furaha. Babu yupo, hajaguswa. Tafadhali nijibu.

Mwanao,
Debora

Lamadi, 16 Aprili 2024

Mwanangu,

Mwangaluka, mwangaluka tena. Barua yako ya Machi niliifunika chini ya Biblia, mkono ukakataa kuandika. Hii ya sasa nimeisoma mara tatu, ya nne nimemsomea shangazi yako kwa sauti mpaka majirani wakaja. Kosa la zizi ni langu. Nilidhani nimezaa mtu anayejua mambo, kumbe nimezaa mwalimu.

Nikuambie na mimi ukweli. Miguu yangu haina ugonjwa wowote. Kila wiki natembea hadi mwaloni, kule ziwani, kununua dagaa na kurudi. Ilikuwa aibu, mwanangu, miaka hamsini.

Jumamosi nipokee stendi, nakuja na basi la kwanza. Tangulia kumwambia Mayunga kwamba nimemaliza kuvuna.

Baba yako,
Machibya wa Ngeleja