Macho Niliyosema ni Meupe

Mwaitu, mama yangu uliyetangulia,

Unakumbuka ulivyonifokea nilipoenda kupigwa leza ili niache miwani? "Miwani imekukosea nini, Mwende?" Mimi nilitaka tu picha za harusi yangu zitoke poa. Mwanzoni niliona vizuri mpaka nikakucheka. Halafu taa zikaanza kuota mikia, herufi zikawa na vivuli, nyuso za watu zikawa kama zimepakwa mafuta. Sikukwambia. Ningeanzia wapi, na vile nilikuwa nimejigamba?

Ndipo ukaja kukaa kwangu mjini Wote, mwili umekuishia nguvu. Jioni moja jikoni ulivuta kope chini kwa kidole. "Hebu niangalie. Macho yamekuwa manjano?" Nikasogea, nikaona ukungu mtupu. Ningesema tu, "Mama, sioni." Wapi! Nikasema, "Aii, ni meupe pe!" Ukamshukuru Mungu, ukasema basi hospitali ingoje.

Tulipokupeleka, ini lilikuwa limeharibika. Sijui kama kuwahi kungesaidia. Niliogopa kuuliza daktari.

Juzijuzi nilipigwa leza tena, mwaitu. Daktari alinionyesha kwa kompyuta kioo cha mbele cha jicho langu: ile ya kwanza ilikiacha na mabonde na vilima, kama barabara ya Mbumbuni baada ya mvua. Hii ya pili ilikuwa ya kusawazisha. Macho yalipotulia nikafungua simu, nikakuta picha yako, niliyokupiga mwenyewe wiki ile uliyoniuliza. Mama, ni manjano! Hata mtoto angeona. Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze.

Na baba bado huwaambia wageni, "Ugonjwa ulimshika ghafla. Mwende mwenyewe alimwangalia macho, yalikuwa safi." Mimi hukimbilia kuosha vikombe. Sasa ameambia kanisa kwamba Jumapili nitasimama mbele nitoe shukrani kwa kuponywa macho, maana anadhani yaliharibika baada ya wewe kuondoka. Maskini baba, amefurahi mpaka amenunua shati.

Siwezi kusimama pale, mwaitu, kabla yeye hajajua. Jumamosi naenda nyumbani. Nitamkalisha chini nimwambie yote, na hata akinifukuza ni haki yake. Kinachonitisha ni kwamba sasa naona vizuri. Uso wake ukibadilika, nitauona wote.

Pumzika, mama.

Ni mimi, kitinda mimba wako.